Mkazo wa maneno marefu ya Kiingereza: anzia mkiani

Mkuu, umeuliza mtu atajuaje mkazo unakaa wapi kwenye neno kama "responsibility" bila kukariri neno moja moja. Soma neno kuanzia mwisho.

Kinachotuponza ni mazoea. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho: ma-e-nde-LE-o. Ukikutana na "development", ulimi unakimbilia OP. Wenyewe husema de-VEL-op-ment.

Kwanza hesabu silabi kwa sikio, herufi zinadanganya. Mlio mmoja wa irabu, silabi moja. "Late" ina moja tu kwa sababu ile e ya mwisho ni bubu. "-Tion" nayo ni moja, "shan". "Comfortable" wengi huitamka kwa silabi 3, KAMF-ta-bol, ingawa maandishi yanaonyesha 4.

Kisha tazama mkia. Neno likiishia na -tion, -sion, -ic, -ian au -ity, mkazo kwa kawaida unakaa kwenye silabi inayotangulia mkia huo: in-for-MA-tion, e-co-NOM-ic, mu-SI-cian, re-spon-si-BIL-i-ty. Kwa -logy na -graphy, hesabu ya tatu kutoka mwisho: bi-OL-o-gy. Mikia -ee na -eer huuchukua mkazo wenyewe: en-gi-NEER, ref-er-EE. (Ila com-MIT-tee imekataa, na AR-a-bic na POL-i-tics nazo zimekataa kanuni ya -ic. Hizo kariri tu.)

Mikia -ness, -ment, -ly, -ful, -less na -ing haisogezi kitu. Ivue, tafuta mkazo wa shina, irudishe: CARE, CARE-less, CARE-less-ness.

Sasa penye kazi yenyewe. Chukua PHO-to-graph, pho-TOG-ra-phy, pho-to-GRAPH-ic. Mkazo umehama mara mbili na irabu zimebadilika nao. Kwenye la kwanza, PHO inasikika "fou". Kwenye la pili imefifia ikawa "fa" fupi, karibu imezwe. Wengi wetu tunaupata mkazo, halafu tunazitamka irabu zote kwa ukamilifu kama za Kiswahili, na msikilizaji bado haelewi mkazo uko wapi. Silabi yenye mkazo irefushe na uipandishe sauti. Zilizobaki zipunguze bila huruma. Gonga meza kwenye silabi kubwa peke yake.

Ukibaki na shaka, fungua kamusi. Kwenye matamshi ya kamusi nyingi kuna kijistari cha wima kilichoinuliwa juu. Silabi inayokifuata ndiyo yenye mkazo. Kikiwa chini, huo ni mkazo mdogo. Zile nukta zinazokata neno lenyewe huonyesha pa kulikatia mwishoni mwa mstari, kwa hiyo usizihesabie silabi.