Ukuta unamumunyuka, nipige saruji?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Mie nakaa Mji Mkongwe hapa Unguja, mtaa wa Kiponda, tumekodi vyumba viwili juu na tangi letu la maji tumeliweka hukohuko juu. Ukuta wa ngazini umeanza kumumunyuka kama biskuti kwenye chai, mume wangu anasema tupige plasta ya saruji yaishe, jirani anatukataza eti watu wa Mamlaka ya Mji Mkongwe, wanaosimamia hifadhi ya hizi nyumba, watatujia juu. Hivi hizi nyumba wanamtunzia nani, sisi tunaokaa au wageni wanaokuja kupiga picha milango?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Jirani kakwambia kweli, ila Mamlaka ndo sababu ndogo. Ukuta wenu ni mawe ya matumbawe yaloshikwa na chokaa na udongo, unanyonya unyevu alafu unautoa wenyewe taratibu, sasa ukiuziba kwa saruji yale maji hayana pa kutokea, yanabaki mulemule ndani yanatafuta njia mpaka yafike kwenye vichwa vya boriti, na boriti ya mkoko ikioza kichwa kilichoingia ukutani nje huoni kitu, utasikia kishindo tu usiku.

Nyumba nyingi hapo ni za karne ya 19, za matajiri wa Kiarabu na Kihindi (na vile vyumba virefu vyembamba mnavyolalamikia, upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti). Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenyewe wengi waliondoka, serikali ikazichukua, watu wa shamba na Pemba wakaingia, nyumba ya familia moja ikawa ya familia kadhaa, kodi kidogo, na paa likivuja kila mtu anamtizama mwenzake. Nguvu za serikali zenyewe zilikua Ng'ambo, ule upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, kwenye maghorofa ya Michenzani. Kufika miaka ya 80 nyumba zinaporomoka kweli, ndo ikaundwa Mamlaka mwaka 1985, UNESCO wakaja kuuingiza mji kwenye urithi wa dunia 2000. Ile dispensari ya zamani ya Malindi watu wa Aga Khan waliikarabati miaka ya 90 ikapendeza, bustani ya Forodhani ikafuata 2009. Lakini Beit al Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 mafundi wakiwa kazini humohumo na watu wawili wakafa, kwahiyo usidhani ukarabati ni kupaka rangi.

Sasa hizi nyumba wanamtunzia nani, hapo mie niko upande wako. Nyumba ikigeuka hoteli paa linazibwa haraka sana, pesa ipo, ila wenye mtaa wanahamia Ng'ambo na baraza inabaki ya kukalia mgeni na simu yake. Mtaa bila watoto wanaotumwa dukani mie siuiti umefufuka, samahani.

Mwambie mume wako aanze kwa mwenye nyumba, kama ni ya serikali au ya wakfu apeleke barua, alafu mpite Mamlaka muulizie fundi anayejua chokaa. Chokaa inachelewa kukauka, msimharakishe. Na hilo tangi dada, lita moja ni kilo moja, boriti zile hazikuwekwa kwa mzigo huo, lishusheni wiki hii hii kabla hamjagusa ukuta.