Chungwa Likishashika Kutu, Umechelewa

Juzi msomaji mmoja kanitumia picha ya machungwa yake. Maganda kahawia, makavu, kama bati kuukuu. Chini yake kaandika maneno matatu tu: "Nipige dawa gani?"

Sikumjibu papo hapo. Swali hilohilo niliwahi kuuliza mimi, nikapewa jibu la haraka, na jibu lile lilinigharimu msimu mzima.

Mwaka ule michungwa yangu ilizaa hadi matawi yakainama. Mvua zilikuwa nyingi, nikahofia ukungu, basi nikapuliza dawa ya shaba, nikarudia, nikarudia tena. Nilijiona mkulima wa mfano. Matunda yalipofikia ukubwa wa limau yakaanza kuchafuka ganda. Mnunuzi alikuja, akageuzageuza machungwa mawili, akayarudisha kwenye kapu bila kusema neno. Kimya kile bado kinaniuma kuliko tusi.

Baadaye ndipo nikajua kuwa kutu ile ya ganda huletwa na kidudu kidogo mno, utitiri wa kutu, na kwamba kuna kuvu anayeishi kwa kuuua utitiri huo, hasa majira ya joto na unyevu. Dawa yangu ya shaba ilikuwa inamuua yeye. Nilimfukuza mlinzi, nikamfungulia mwizi mlango.

Na mwizi mwenyewe humwoni. Utitiri wa kutu una urefu wa milimita 0.15 hivi, umbo la karoti, rangi ya manjano, miguu minne tu. Joto likikolea, yai huwa utitiri mzima ndani ya siku 7 hadi 10. Unatoboa seli za juu za ganda, na kutu huja kujitokeza baadaye, wakati mwingine wenyewe umeshapungua. Kwa hiyo ukipiga dawa kwa sababu umeona kutu, unapiga kovu.

Mimi sikukoma hapo. Kiangazi kilipoingia nikaona vidukari kwenye majani machanga, muuza dawa akanipa pairethroidi. "Hii inaua kila kitu," akasema. Hakunidanganya. Iliua vidukari, ikaua mbawakawa wadogo na utitiri mwindaji, ule unaokula utitiri wenzake. Wiki chache baadaye majani yalikuwa yamepauka, yana vitone vyeupe kama yamechomwachomwa sindano. Huyo sasa ni utitiri mwekundu, na yeye hupenda hewa kavu. Upepo mkavu ulipovuma, majani yakapukutika. Miaka miwili ya kuirudisha miti ile katika hali yake siisimulii, haina utamu.

Ndugu zangu, nunueni lenzi kabla ya pampu! Inayokuza mara 10 inaanza kufaa, ya mara 20 ni bora. Kuanzia maua yanapodondoka, pita shambani kila wiki. Kwa utitiri wa kutu, kagua tunda pale kivuli kinapokutana na mwanga, kwa sababu haupendi upande unaopigwa na jua kali. Kwa ule mwekundu, tazama uso wa jani: mayai yake ni mekundu, ya mviringo, na kila moja lina kikonyo kilichosimama juu. Mti wenye kiu na majani yaliyojaa vumbi ndio unaoumia zaidi, basi mwagilia, na vumbi la njia ya shamba lidhibiti.

Ukilazimika kupuliza, salfa inaufaa utitiri wa kutu, lakini si siku ya joto linalopita nyuzi 32, wala si karibu na siku ulizopuliza mafuta ya kuulia wadudu wa miti. Vikikutana huunguza majani na matunda. Acha wiki kadhaa katikati. Na unapobadilisha dawa, badilisha kundi la kiambato, maana chupa mbili za majina tofauti zinaweza kubeba sumu ileile, na utitiri huizoea upesi. Lakini nasema tena: lenzi kwanza. Watu mnataka jina la dawa kama mnavyotaka jina la mganga!

Yule msomaji nimemwambia aweke pampu chini. Machungwa yake ndani ni mazima, awatafute wanaokamua juisi, halafu anitumie picha za matunda ya msimu ujao yakiwa bado ukubwa wa gololi. Ujumbe ameusoma. Hajajibu.