Mtoto Asiye na Kipaji cha Muziki Apewe Kazi Kundini

Mzazi anayemleta mtoto kwangu afundishwe udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, au gitaa huuliza kwanza kama mtoto ana kipaji, nami humjibu kwamba sina haja ya kujua, kwa sababu mimi mwenyewe nilijifunza udi tangu utotoni hapa Ngamiani, Tanga, bila kipaji chochote, na leo ndiyo kazi inayonipa riziki. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Wenzangu walikuwa wakiusikia wimbo usiku na asubuhi wanaupiga, ilhali mimi sikuweza hata kutambua kwamba uzi umelegea mpaka mtu aniambie. Mwalimu wangu wa kwanza alimweleza mama, nami nimesimama palepale, kwamba mtoto huyu hana sikio na afadhali atafutiwe fundi cherehani.

Aliyenichukua baada ya hapo ni mjomba wangu, mtu aliyekulia katika Tanga ya miaka ya 1960, mji uliokuwa na vilabu vya taarab kama Black Star na Lucky Star na bendi za dansi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Watu wa zama zile wengi wao walijifunza muziki kwa kukaa na wanaoupiga. Kwa hiyo mjomba hakunikalisha chumbani na udi, bali alinipeleka kwenye mazoezi ya kikundi chake na kunipa rika, ile ngoma ndogo yenye njuga za bati, nikapangiwa pigo moja ambalo halikubadilika tangu wimbo unaanza hadi unakwisha. Kazi ilikuwa nyepesi, lakini nikiiacha wimbo ulipwaya na wakubwa waligeuka kunitazama. Hapo ndipo penye ushauri wangu wote. Mtoto mwenye kipaji anaweza kufundishwa peke yake kwa sababu sauti nzuri anayoitoa inamlipa papo hapo. Asiye na kipaji hana malipo hayo kwa muda mrefu, na akifungiwa peke yake na ala inayokwaruza ataichukia, na atakuwa na haki. Kundini, hata akiwa na pigo moja tu, anashiriki kitu kizuri kuliko anachoweza kukifanya mwenyewe, na huku masikio yake yanazoea bila yeye kuhesabu kuwa anasoma.

Wapo watu wachache ambao kweli hawatofautishi sauti ya juu na ya chini, lakini wengi wanaoambiwa hawana sikio hawajafundishwa kusikiliza tu. Udi wenyewe unafaa sana kwa kazi hiyo. Udi wa kawaida una nyuzi 11, yaani jozi tano na uzi mmoja mnene ulio peke yake, na nyuzi mbili za jozi hutakiwa kutoa sauti moja. Zikitofautiana kidogo, sauti hutetema, wau, wau, wau, na mtetemo huo hauhitaji kipaji kuusikia. Hata hesabu yake inajulikana: uzi mmoja ukitikisika mara 440 kwa sekunde na mwenzake mara 442, sauti itapanda na kushuka mara 2 katika kila sekunde, na kadiri unavyoukaza ule uliolegea mawimbi hupungua kasi mpaka yanatulia kabisa. Mjomba alikuwa akilegeza uzi mmoja makusudi, ananipakatisha udi huku tumbo la udi limeniegemea kifuani, kisha ananiambia, "Haya mjomba, kaza polepole, pakitulia simama." Mwanzoni nilikuwa nausikia mtetemo kwa mbavu kabla ya kuusikia kwa masikio. Sijapata kuona zoezi bora kuliko hilo kwa mtoto mzito wa kusikia, na halimchoshi, kwa kuwa anaona kama ni mchezo.

Baada ya kutyuni, yaani kulinganisha sauti za nyuzi, ilikuja sheria nyingine, kwamba sauti yoyote iimbwe kwanza ndipo itafutwe kwenye uzi. Shingo ya udi haina vyuma vya kugawa sauti kama gitaa, kidole kikiteleza kidogo umeshatoka nje, na maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama Rast na Bayati zina sauti zinazoangukia katikati ya zile za piano. Asiyeweza kuiimba sauti ya namna hiyo hawezi kuipata kwa kidole ila kwa bahati. Mtoto aliyewahi kuimba kasida chuoni, yaani madrasa, tayari ana mtaji mkubwa, jambo ambalo wazazi wengi wa hapa hawalihesabu.

Kwa mtoto mdogo mwenye shida ya sikio mimi hupendekeza aanze na gitaa. Uzi unaopigwa kwenye udi wa kawaida una urefu unaokaribia sentimita 60, tumbo ni pana, na mkono wa mtoto hauzunguki vizuri, wakati magitaa madogo yapo na vyuma vyake humwonyesha mahali pa kushika. Wazee watanung'unika, lakini gitaa liliingia katika taarab ya Tanga zamani, na waliolileta ni Black Star wenyewe.

Muda wa mazoezi usiwe mrefu. Robo saa kila siku, baada ya chuo na kabla ya magharibi, inatosha, mradi isirukwe. Na tafadhali, asiitwe sebuleni kumpigia shangazi kila mgeni anapokuja. Mwenye kipaji hufurahia hayo, huyu mwingine hudhalilika.

Mkitafuta mwalimu, wale waliosoma Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, watamfundisha mtoto kusoma nota, na wazee wa vilabu watamfundisha kwa kusikia, ninawaheshimu wote. Lakini kabla ya kupatana bei muulizeni ni kikundi gani atakachomwingiza mtoto, na mwezi wa kwanza atampa kazi gani humo. Akianza kueleza mazoezi ya vidole peke yake, mshukuruni kwa adabu, muage, na mwende kwa mwingine.