Maswali yenu: GM anataka vita, wachezaji wanataka kuuza mbege

Safari hii maswali karibu yote yanatoka kwa watu wa michezo ya kuigiza mezani, ile ya karatasi na dadu, ukoo wa Dungeons & Dragons (D&D) ya Gary Gygax na Dave Arneson iliyotoka Marekani mwaka 1974. Kwa mgeni: gemu masta, yaani GM, anaiendesha dunia na watu wote waliomo, kila mchezaji ana mhusika wake mmoja, na penye utata dadu inaamua. Hadithi moja ndefu ya vikao vingi ndiyo kampeni. Ugomvi wenu wote nimeuona ni wa kugombea usukani.

Shikamoo dada. Mimi ni GM, Majengo, Moshi. Nimetunga kampeni ya himaya mbili za mlimani zinazopigana. Nimechora ramani, nimeandika koo, hadi mahandaki. Wachezaji wamefika kijiji cha kwanza wakafungua kilabu cha mbege, ile pombe ya ndizi. Vita hawataki hata kuisikia. Niwalazimishe?

Marahaba. Usiwalazimishe, na ramani usiichane. Ulikuwa unatafuta kitu cha kuwafanya waijali dunia yako, na wenyewe wamekuchagulia. Mwenye kilabu ana cha kupoteza. Mtembezi mwenye upanga hana.

Itazame mbege yenyewe. Inataka ndizi mbivu, kimea cha ulezi, magome ya msesewa, na maji. Maji ya mlimani yanakuja kwa mfereji, na mfereji una zamu, leo ukoo huu, kesho ule. Basi kikao kijacho anza hivi: kumekucha, mfereji mkavu. Usiseme kwa nini. Wakipandisha juu waukute umezibwa kwa mawe na vigogo vya migomba, na vijana watatu wenye mikuki wamekaa kivulini wanamenya ndizi za kuchoma. Vita yako imeshafika kilabuni na hukumlazimisha mtu.

Hapo wanaweza kupigana, kuhonga, kumwendea mzee wa mfereji, au kuwauzia pombe haohao vijana. Usiandike watachagua lipi. Andika vijana wametumwa na nani, wanamwogopa nani, na siku ya tatu kitatokea nini kama hakuna aliyefanya lolote. Hiyo ndiyo kazi yako, na ina ubunifu wa kutosha kukukesha. Hata mahandaki yako yana nafasi. Wachagga walichimba mahandaki kweli ya kujificha wakati wa vita, na Marangu hadi leo watalii wanaonyeshwa. Kilabu kikikua kitahitaji stoo. Wacha wachimbe.

Ukiona biashara ya pombe inakuchosha kabisa, sema mapema, mpatane vikao viwili vya kilabu kisha safari. GM aliyechoka anaonekana usoni, na meza nzima inapoa.

Nachezesha Njiro, Arusha. Mmoja anataka kupigana tu, wawili wanataka mazungumzo, wa nne yuko kwenye simu muda wote.

Usiwaulize "mnapenda nini", kwa adabu watakujibu "yoyote tu sawa". Mwisho wa kikao uliza kila mmoja: leo ni kipande gani ulitamani kisiishe? Majibu ya hapo ndiyo ya kweli. Mpiganaji mpe adui anayeongea huku mapanga yanalia, hapo wale wawili nao wana kazi. Wa simu, angalia kwanza saa: zamu yake ikichukua dakika ishirini kumfikia, hata mimi ningeshika simu. Fupisha mapambano: maadui wakizidiwa wakimbie, si lazima wafe wote mpaka wa mwisho. Akiendelea na simu hata baada ya hapo, huyo alikuja kukaa na marafiki. Mwacheni, ana haki yake.

Nikirusha dadu nyuma ya kizuizi huwa nasema namba nyingine ili mhusika asife. Hawajui. Ni vibaya?

Wanajua. Wanakuonea haya tu.

Msimamo wangu: rusha hadharani, na kama kuna jibu usilolitaka, usirushe kabisa. Dadu ya pande 20 inatoa 1 kwa nafasi ileile inayotoa 20, asilimia 5 kila moja. Ukirusha mbili za pande 6, jumla ya 7 ina njia 6 kati ya 36, lakini 2 ina njia moja tu. Kwa hiyo ukichagua dadu umeshachagua ukubwa wa vurugu. Kabla haijaviringika, taja kushindwa kutamaanisha nini: atatekwa, atapoteza ngao ya babu yake, mfereji utabaki umezibwa. Kifo kiwe mezani pale tu kila mtu ameambiwa kiko mezani. Najua wapo GM wazuri wanaoficha. Sibishani nao, ila kwenye meza zao sikai.

Sakina, Arusha. Dada mmoja kwenye kundi letu ameokoka, anasema hataki wachawi wala mizimu. Kampeni yangu nzima ni mizimu. Uhuru wangu uko wapi?

Muulize faragha, na kwa upole: hataki viwepo kabisa, au hataki kuvisikia kwa kina? Ron Edwards, mtunzi wa michezo hii, alivitenganisha hivi viwili zamani: mstari, ambao hauvukwi na yeyote, na pazia, ambapo jambo linatokea lakini tunalifunika na kusonga mbele. John Stavropoulos naye alileta kadi yenye alama ya X inayokaa katikati ya meza; anayeigusa, kipande kile kinarukwa na haulizwi sababu. Havikugharimu chochote.

Wala usimcheke. Huko Marekani kwenyewe miaka ya 1980 wazazi walihangaika sana kwamba mchezo huu unaingiza watoto kwenye ushetani. Kama kwake ni pazia, mizimu yako itoe ishara tu, ng'ombe wagome kuvuka daraja, na pengine itatisha zaidi. Kama ni mstari, mwambie ukweli kwamba kampeni hii haimfai na umwalike inayofuata. Kumkubalia kisha kumletea mizimu kwa kuvizia ni ukorofi.

Nimemweka Mangi Meli kwenye kampeni kama jemadari, wachezaji wanamtania. Mmoja, kwao ni Old Moshi, amenuna. Ni mchezo tu, au?

Ana haki ya kununa. Meli, mangi yaani mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umeendelea kukitafuta. Hilo kwa watu fulani ni msiba ambao haujaisha. Mwombe radhi, kisha tunga mangi wako mwenyewe, mpe jina lake na mto wake.

Kama unataka kitu cha kwetu, kuna hadithi ya Kibo na Mawenzi, vilele vya Kilimanjaro: Mawenzi kila siku anakuja kuomba moto, mpaka Kibo akachoka akamtandika kwa mchi, ndiyo maana kilele chake kimebaki meno meno. Kila bibi ana namna yake ya kuisimulia. Ichezee utakavyo.

Wachezaji wanataka sheria za D&D, mimi nataka zangu. Na vitabu hatuna hela.

Hela isiwe kisingizio. Tangu Januari 2023 sheria za msingi za toleo la tano zinapatikana bure kwa leseni ya Creative Commons, unapakua na kuzibadilisha utakavyo. Chezeni kwanza zilivyo. Kisha badili sheria moja, waambie kabla, icheze, waulize, ndipo uguse nyingine. Katikati ya pambano usiguse kitu, hasa pambano ambalo upande wako unapigwa.