Je, kodi za wapangaji zitaendesha jengo?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya fedha ya halmashauri ya jiji. Tumetengewa fedha za kujenga vyumba 40 vyenye huduma za usaidizi kwa watu wa kipato cha chini waliokuwa wakilala nje, pamoja na makao ya dharura ya vitanda 60. Mshauri mwelekezi anatuhakikishia kwamba mradi ukishakamilika utajiendesha kwa kodi za wapangaji. Je, tuidhinishe?

JIBU: Ndugu mjumbe, msiidhinishe kabla hamjaona bajeti ya uendeshaji yenye saini ya atakayeilipa. Kila msimu wa bajeti napokea swali la namna hii, na kila mara nyuma yake yupo mtu anayeuza jengo kana kwamba jengo ndilo makazi. Fedha za ujenzi hutolewa mara moja, huku watu wakipiga picha penye jiwe la msingi. Mshahara wa mlinzi wa usiku, fundi bomba na afisa ustawi wa jamii katika mwaka wa 9 hauna sherehe, na ndio unaoamua kama mradi utasimama.

Chukua mpangaji mmoja. Katika programu nyingi za ruzuku nchini Marekani, mpangaji huchangia takriban asilimia 30 ya kipato chake. Mwenye kipato cha 100 kwa mwezi atalipa 30. Ikiwa chumba chake kinahitaji 75 kwa maji, umeme, bima, matengenezo na akiba ya ukarabati mkubwa, pengo ni 45. Kwa vyumba 40 ni 1,800 kila mwezi, na bado hatujamlipa mtoa huduma hata mmoja. Kadiri mnavyowapokea waliokuwa na shida kubwa zaidi, ambao mradi ulibuniwa kwa ajili yao, ndivyo pengo hilo linavyopanuka.

Hesabu hii imekwishajaribiwa, na watu wakaumia. Majengo 33 ya mtaa wa nyumba za umma wa Pruitt-Igoe mjini St. Louis, Marekani, yaliyoanza kukaliwa mwaka 1954, yalijengwa kwa fedha za umma na matengenezo yakaachiwa kodi za wapangaji. Vyumba vilipoanza kubaki vitupu na waliosalia wakawa maskini zaidi, lifti zilikwama na mabomba yakapasuka bila fedha za kuyatengeneza. Mwaka 1969 wapangaji waligoma kulipa kodi, na mwaka 1972 ubomoaji ukaanza. Hadi leo wapo wanaowalaumu wapangaji kwa yaliyotokea pale, jambo linaloniudhi mno.

Niliwahi kukabidhiwa andiko la mradi lenye michoro ya rangi, hata miti ya uani ikiwa imechorwa mmoja mmoja. Katika ukurasa wa uendeshaji palikuwa na mstari mmoja tu: “Itagharimiwa na kodi.” Huduma za usaidizi hazikuwa na fungu lolote. Timu zinazowahudumia kwa karibu wenye maradhi mazito ya akili hukadiriwa mfanyakazi 1 kwa watu 10 hivi. Anayewaahidi huduma kwa vyumba 40 akiwa na mfanyakazi mmoja anawauzia nyumba za kawaida zenye ofisi mlangoni.

Kwa upande wa makao ya dharura, anayelala pale halipi kodi, kwa hiyo ahadi ya kujiendesha haina hata pa kuanzia. Tena, bila nyumba za kuhamia, vitanda vya usiku mmoja hukaliwa miaka. Ufini, tangu mpango wake wa mwaka 2008, iligeuza makao mengi ya aina hiyo kuwa nyumba za kupanga ambazo kila mkaazi ana mkataba wake, na watoa huduma hulipwa kwa fedha za umma.

Mshauri wenu na awaletee makadirio ya miaka 15, mwaka kwa mwaka, yakionyesha kodi ya kweli, pengo, na jina la fungu litakaloliziba. Akishindwa, jengeni vyumba 20 mnavyoweza kuvihudumia, na ardhi iliyobaki isubiri.