Soko kubwa si lazima liwe wazi

SWALI: Nataka kulinganisha nchi mbili, wapi imekuwa rahisi zaidi kuingia soko la mitaji tangu miaka ya 90, jamaa ananiambia niangalie tu ukubwa wa soko la hisa, ni sawa?

JIBU: Hapana bana. Soko laweza kuwa kubwa kumbe kampuni kumi ndo zimebeba karibu lote, wadogo wanachungulia tu. Chukua faharasa (kipimo cha alama) ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, ya maendeleo ya fedha, inaanzia 1980, alama 0 hadi 1, kuna kipengele cha ufikiaji wa masoko kinachopima asilimia ya thamani ya soko la hisa iliyo nje ya kampuni 10 kubwa pamoja na idadi ya wanaotoa hatifungani (hati za kukopa pesa kwa wawekezaji). Ila usikurupuke na mwaka mmoja, kampuni jitu moja ikijitoa sokoni alama inaruka juu na hakuna mpya aliyeingia.