Kabla ya Sokwe, Anza na Nyani wa Ufukweni

Wapigapicha wanaopanga kuja Kigoma huniuliza kuhusu lenzi: nije na ya ngapi? Mimi ningependa waniulize kuhusu muda. Gombe, na Mahale vilevile, hifadhi za sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, ukishawafikia sokwe unapewa saa moja ya kukaa nao. Kikundi hakizidi watu sita na mnasimama mita 10 kutoka walipo. Saa hiyo si ya kujifunzia kamera. Anayeanza kutafuta vitufe mbele ya sokwe atarudi mjini na picha za migongo.

Ndiyo maana namshauri kila anayeniuliza afanye mazoezi kwanza kwa wale ambao hakuna aliyewafungia safari: ngedere wanaovamia mahindi ya watu pembezoni mwa vijiji, nyani wa ufukweni Gombe, na hata wanyama walio bandani. Hawana jina kubwa, lakini wanakaa, wanachambuana, wanabeba watoto na kukasirika kwa namna ambayo utaikuta tena msituni, tena kwa mwanga mbovu zaidi.

Tuanze na mwanga, maana Gombe ina yake. Hifadhi hii imelala kwenye miteremko inayotazama ziwa, upande wa magharibi. Jua la asubuhi huchomoza nyuma ya milima, kwa hiyo bonde kama la Kakombe hubaki kivulini wakati ziwani kumekucha zamani. Ukiamka alfajiri ukitegemea ule mwanga mtamu wa asubuhi unaosifiwa Serengeti, hapa utangoja sana. Mwanga wa Gombe ni wa jioni. Jua linapoteremkia upande wa Kongo, miale yake huja chini chini juu ya maji na kumpiga nyani usoni moja kwa moja. Kuanzia saa kumi na moja hivi, uwe ufukweni na kamera mkononi.

Nyani wa Gombe wamefuatiliwa na watafiti tangu miaka ya 1960, hivyo mtu kwao si kioja. Hushuka hadi kwenye kokoto za ufukweni, watu wazima wakachambuana, watoto wakarushana. Watafute wenye vichanga: mtoto wa nyani mchanga ana manyoya meusi na uso wa waridi, na rangi hiyo hupotea akifikisha miezi michache. Piga ukiwa umechuchumaa, kamera ikiwa usawa wa macho yake. Fokasi iwekwe kwenye jicho, daima. Halafu kumbuka nyani ana pua ndefu: ukifungua tundu la lenzi mpaka f/2.8 (namba ndogo, tundu kubwa) jicho litakuwa kali na pua itayeyuka. Mimi hubaki kati ya f/5.6 na f/8 mwanga ukiruhusu.

Tabia zao ni muhimu kuliko namba hizo. Dume akipiga miayo huku akikutazama na kuonyesha meno, hana usingizi. Akiinua nyusi ukaona kope zake nyeupe, amekuonya. Usimkazie macho, na usisahau kwamba lenzi kubwa kwake ni jicho kubwa linalomkodolea. Shusha kamera, tazama pembeni, rudi nyuma polepole, wala usikimbie. Na usikae kati ya mama na mtoto wake hata kama picha ni nzuri kiasi gani.

Kuhusu chakula sina mzaha. Begi la kamera lisiwe na andazi, ndizi wala karanga. Nyani akishajua kuwa begi hutoa chakula, atalichukua lote, lenzi ikiwemo, na atakayekuja baada yako atarithi tabu hiyo. Nyumba za wageni pale zina nyavu madirishani kwa sababu hiyo hiyo. Kula migebuka yako ndani, funga mlango, ndipo utoke.

Zamani hata sokwe walivutwa kwa chakula. Miaka ya 1960 pale Gombe ndizi ziliwekwa kambini ili watafiti na wapigapicha wawaone kwa karibu, na ugomvi kati ya wanyama ukaongezeka. Desturi hiyo iliachwa. Ukiona picha za zama zile, za akina mpigapicha Hugo van Lawick waliotangulia kupiga pale kuanzia 1962, usijilinganishe nazo kwa ukaribu. Wewe utawafuata sokwe walipo, mlimani, ukihema.

Sasa sokwe wenyewe. Panga kamera ukiwa bado kambini. Flashi izimwe, na ile taa ndogo ya kusaidia fokasi izimwe pia, maana wengi huisahau. Chini ya miti anza na ISO 3200 (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga), wala usiogope chenga, zile chembechembe za kwenye picha: picha yenye chenga hutazamika, iliyotikisika hutupwa. Kwa sokwe aliyekaa, kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde inatosha. Akitembea au watoto wakicheza, panda hadi 1/500 na zaidi. Lenzi ya milimita 70-200 ndiyo ninayoipendekeza. Lile dude la 500 ni mzigo kwenye miteremko ile, na mara nyingine sokwe hupita karibu mno kwa lenzi ndefu hivyo. Stendi ya miguu mitatu iache chumbani.

Weusi wa sokwe huchanganya kamera. Akijaza fremu, kamera hudhani kuna giza na kuongeza mwanga, manyoya yakawa ya kijivu kama yamefubaa. Punguza mwangaza kidogo, theluthi mbili za stopu hivi (stopu ni kipimo cha mwanga wa picha). Akipanda mtini na anga ikawa nyuma yake, geuza: ongeza stopu moja au zaidi, la sivyo utapata kivuli chenye masikio.

Barakoa utavaa, na ukiwa na mafua au homa usipande kabisa, hata kama umeshalipia. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu. Polio iliwapiga Gombe mwaka 1966, na Mahale mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliua kadhaa. Barakoa hupandisha mvuke kwenye kioo cha kamera unapochungulia. Ibane vizuri puani.

Ukifika, tazama kabla ya kupiga. Nani anamchambua nani? Mama yuko wapi? Sokwe mchanga utamjua kwa kishungi cheupe nyuma, pale ambapo mkia ungekuwa. Msikilize mwongozaji, anawajua kwa majina na ataweza kukuambia nani anakaribia kuondoka. Mvua za kwanza, kuanzia Oktoba hadi Desemba, njia huteleza, lakini ndio msimu wa kuvua mchwa kwa vijiti na majani, kitendo alichokiona mtafiti Jane Goodall hapa Gombe mwaka 1960 na kubadili mawazo ya dunia kuhusu zana. Mikono ndiyo picha hapo, si uso. Ukienda Mahale, ngoja wawili wanaochambuana wainue kila mmoja mkono mmoja na kuishikanisha juu ya vichwa vyao. Sokwe wa kundi la Kasekela, Gombe, hawana mazoea hayo, kwa hiyo kwa picha hiyo moja mjuzi wa sokwe atajua ulikuwa wapi.

Kima na mbega wekundu hukaa juu sana. Hapo ndipo lenzi ndefu ingekufaa, na shingo itauma. Mbega wakianza kupiga kelele za hofu kwa pamoja, tazama chini yao. Huenda sokwe wamekuja kuwinda.

Kwa ambaye nauli ya boti na viingilio bado ni vizito, au yuko upande wa Tabora, ipo bustani ya wanyamapori mjini Tabora chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Wanyama hubadilika, ulizia getini nani yupo. Wapigapicha wengi hudharau mabanda. Mimi nayaona ni darasa la bei nafuu. Tatizo kubwa ni waya, na dawa yake ipo. Simama mahali ambapo waya uko kivulini, kwa sababu waya uliopigwa na jua hung'aa na kutia ukungu kwenye picha nzima. Sogea karibu na waya kadiri uzio wa nje unavyoruhusu, fungua lenzi mpaka mwisho, f/2.8 au f/4, vuta karibu, kisha ngoja mnyama arudi nyuma. Akiwa mbali na waya, waya hutoweka wenyewe. Fokasi ya kamera itang'ang'ania waya. Weka ya mkono. Mkanda wa kamera uuzungushe kwenye kifundo cha mkono usining'inie, maana vidole vya nyani hupenya palipo padogo. Usigonge banda wala kumpigia miluzi ili akutazame. Hata akigeuka, atakupa sura ya mnyama anayesumbuliwa, na hiyo ndiyo utakayokuwa umeipiga.

Wengine hubana fremu ili zege na kufuli visionekane, kisha wanaandika "porini Tanzania". Mimi sikubaliani nao. Picha ya bandani iandikwe ni ya bandani. Mara nyingine kufuli lenyewe ndilo picha. Nyani anayekwenda na kurudi kwa njia ile ile siku nzima ana habari ya kusimulia, usiifiche kwa kumbana usoni.

Na yule ngedere aliyefungwa kamba mbele ya duka, usimlipie mtu ili umpige naye selfi. Kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na selfi kama hizo humtamanisha mwingine naye amtafute wake. Picha ya sokwe akiwa na mtu karibu usiiweke mtandaoni hata kama mkao huo ulitokea kwa bahati.

Mwenye simu tu asikate tamaa. Bandani ana nafasi nzuri kuliko mwenye kamera kubwa, kwa sababu jicho la simu ni dogo na unaweza kuliweka sawasawa na tundu la waya, waya usionekane kabisa. Angalia tu isinyakuliwe. Msituni usivute kwa vidole. Piga video ya 4K ukiwa umetulia, kisha uchague fremu moja ukiwa nyumbani. Ukipanda boti Kibirizi, simu na kamera ziingie kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa kabla boti halijaondoka, kwa sababu ziwa likichafuka mchana maji huruka hadi katikati ya boti.